Nils mgongoni mwa bata bukini: kitabu cha Selma Lagerlöf kikipimwa kwa darasa la Nyanda za Juu Kusini

Anayekichukua kitabu hiki akidhani ni hadithi tu ya mtoto anayeruka angani atakifurahia kwa sura tano za kwanza, kisha ataanza kuuliza kwa nini bata hawa wanazungukazunguka badala ya kwenda wanakokwenda. Wanazunguka kwa sababu wametumwa. Mwaka 1902 chama cha walimu wa shule za msingi nchini Uswidi kilimwomba Selma Lagerlöf aandike kitabu cha kusomwa darasani, kitakachowafundisha watoto nchi yao: mikoa, mito, wanyama, mazao na viwanda. Mwandishi mwenyewe alikuwa amefundisha shule ya wasichana mjini Landskrona kuanzia 1885 hadi 1895, na kitabu kinaonyesha kuwa alijua darasa linavyosinzia mwalimu akianza kuorodhesha mito. Akatafuta namna ya kuiona nchi nzima kutoka juu, akampakia mtoto mgongoni mwa bata. Juzuu la kwanza lilitoka mwaka 1906, la pili 1907, na mwaka 1909 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Hapa kinapimwa kwa kazi ileile kilichotengenezewa, yaani kusomwa kwa sauti mbele ya watoto, ila watoto wenyewe ni wa darasa la tano hadi kidato cha pili huku Mbeya, Iringa, Njombe na wilaya za jirani. Juzuu la kwanza linafaa karibu lote. La pili ni la kuchagua sura. Lakini kabla ya sura kuna suala la toleo, na hapo ndipo wengi wanapoliwa hela.

Hadithi yenyewe, kwa wasioijua. Nils Holgersson ana miaka 14, ni mtoto wa wakulima wadogo wa Västra Vemmenhög, katika mkoa wa Skåne ulio kusini kabisa mwa Uswidi. Ni mvivu, na mifugo yote ya nyumbani inamwogopa kwa ukatili wake. Jumapili ya tarehe 20 Machi wazazi wanakwenda kanisani na kumwachia kazi ya kusoma mahubiri, kurasa kumi na nne na nusu. Anasinzia. Anapoamka anamnasa kwa wavu mdogo tomte, yule kizee wa kimo kidogo ambaye Waswidi wa zamani waliamini analinda boma na mifugo yake. Anamfanyia hila, naye anageuzwa kijimtu cha kimo cha tomte mwenyewe. Wakati huohuo bata bukini wa porini wanapita juu wakielekea kaskazini, na dume jeupe la pale nyumbani, Mårten, linataka kuwafuata. Nils analikumbatia shingoni ili alizuie, linaruka naye. Kundi linaongozwa na jike mzee aitwaye Akka wa Kebnekaise, na nyuma yao kuna mbweha Smirre asiyekata tamaa. Wanafika hadi Lapland, kaskazini kabisa mwa Uswidi, na kurudi. Safari inaisha Jumatano tarehe 9 Novemba. Sehemu nyingi zimewekewa tarehe juu, jambo ambalo mwalimu atalishukuru baadaye.

Sasa matoleo. Lililo rahisi kupatikana ni tafsiri ya Kiingereza ya Velma Swanston Howard, iliyotoka kwa vitabu viwili: The Wonderful Adventures of Nils mwaka 1907 na Further Adventures of Nils mwaka 1911. Hakimiliki yake imekwisha, kwa hiyo unapakua bure kutoka maktaba za mtandaoni za vitabu vya zamani na kuchapa nakala unazotaka. Cha kwanza kina sura 21, sawa na juzuu la Kiswidi. Cha pili kimepunguzwa: Kiswidi kina sura 34 upande huo, Howard ana 22 tu. Zilizokatwa ni zile alizoona zimejaa jiografia mno kwa msomaji wa Marekani, na alizikata kwa ridhaa ya mwandishi. Kwa mzazi anayemsomea mtoto kabla ya kulala si hasara kubwa. Kwa mwalimu wa jiografia ni kama kununua nanasi ukapewa lililokwisha kumenywa hadi moyoni.

Anayetaka kitabu kizima atafute tafsiri ya Peter Graves, iliyochapishwa na Norvik Press ya London mwaka 2013. Kiingereza chake ni cha leo, majina ya mahali yameandikwa yanavyoonekana kwenye ramani, na hakuna sura iliyoachwa. Hiyo ina hakimiliki, haipelekwi kwenye mashine ya kutoa kopi. Nakala moja ya mwalimu kwa kuandaa somo, pamoja na vijitabu vya Howard kwa wanafunzi, ndio mchanganyiko wenye nafuu.

Epuka aina mbili za bidhaa. Ya kwanza ni vitabu vya picha vyenye jina la Nils, vya kurasa thelathini hivi: vina tomte, vina bata, vina mbweha, lakini nchi yenyewe haimo. Ya pili ni nakala za karatasi zinazouzwa mtandaoni na wachapaji wasiojulikana, zilizotokana na kitabu cha zamani kilichopigwa picha na kompyuta kusomeshwa maandishi bila mtu kupitia. Dalili yake: sampuli ya kurasa inaonyesha herufi ngeni katikati ya maneno, na vichwa vya kurasa vimeingia ndani ya sentensi. Unalipia kitu kibaya kuliko kile cha bure.

Kuna pia katuni ya Kijapani ya mwaka 1980, vipindi 52. Ni nzuri kwa watoto wadogo, lakini aliyeitazama atauliza yule panya-buku mdogo wa Nils yuko wapi. Kwenye kitabu hayumo. Aliongezwa na watengenezaji wa katuni.

Ukishapakua, kazi inahamia steshenari, na huko mambo matatu huharibika mara kwa mara.

La kwanza ni herufi. Majina ya Kiswidi yana å, ä na ö. Faili la maandishi matupu likifunguliwa kwa mpangilio usio wake, Skåne hutoka na alama za ajabu katikati, na kijana wa steshenari atakuambia faili ni bovu. Si bovu. Chagua mpangilio wa UTF-8 wakati wa kulifungua, au pakua faili la HTML badala ya maandishi matupu, kisha hifadhi kama PDF ukiwa bado nyumbani. Ukifika dukani na PDF hakuna kinachobadilika njiani.

La pili ni kugeuza karatasi. Kijitabu cha A5 hupatikana kwa kuchapa kurasa mbili kila upande wa A4 na kukunja katikati. Mashine lazima iambiwe igeuze kwa upande mfupi. Ikigeuza kwa upande mrefu, nyuma ya kila karatasi hutoka kichwa chini miguu juu, na hilo hutagundua hadi umekunja. Chapa karatasi moja kwanza, ikunje, isome, ndipo uruhusu zilizobaki.

La tatu ni unene. Watu hupenda kubana kitabu kizima kwa spairo kwa sababu kinaonekana cha heshima. Kwenye begi la mwanafunzi anayetembea kilomita tatu, spairo ya plastiki hupasuka meno ndani ya muhula, na kurasa za katikati ndizo za kwanza kukimbia. Afadhali kila sura iwe kijitabu chake. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne: sura ya kurasa 38 ipangie 40, yaani karatasi 10 za A4. Usizidishe karatasi 15 kwa kijitabu kimoja, kwa kuwa pini haipenyi vizuri na kurasa za ndani husukumwa nje zikazidi jalada. Herufi za ukubwa wa 12 zinatosha. 10 huokoa karatasi lakini darasa lisilo na umeme siku ya mawingu, kama Februari ya Tukuyu, halizisomi. Jalada liwe la karatasi ngumu ya kaki. (Karatasi ya aina hiyo ndiyo kazi ya kiwanda cha Mgololo kule Mufindi, ambacho Uswidi ilikuwa miongoni mwa wafadhili wa ujenzi wake. Mduara umefungwa bila mtu kukusudia.)

Kwa darasa la watoto 40, vikundi 8 vya watano, unahitaji vijitabu 8 vya kila sura, si 40. Mmoja anasoma, wengine wanafuata. Ukipunguza hadi kijitabu kimoja kwa watoto wanane, wale wa pembeni huanza mazungumzo yao.

Lugha ndiyo mlima. Kiingereza cha Howard si kigumu kwa sarufi, lakini ni cha zaidi ya miaka mia moja na kimejaa maneno ya kubembeleza watoto wa enzi hiyo. Nils akiwa mdogo anaitwa Thumbietot, neno ambalo halimo katika kamusi ya shule. Mwite Gumba, watoto watalishika mara moja. Kidato cha pili wanaweza kusoma wenyewe wakisaidiwa. Shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili inahitaji mwalimu asome aya kwa Kiingereza kimoyomoyo na kuisimulia kwa Kiswahili, jambo linalotaka maandalizi ya jioni moja kabla. Ukitegemea kutafsiri papo kwa papo, utakwama kwenye wanyama.

Na wanyama wanakwamisha kweli. Neno korongo kwetu linabeba ndege ambao kitabu kinawatofautisha kabisa. Kuna Ermenrich, mzee mwenye maneno mengi anayeishi juu ya kasri la Glimminge: huyo ni korongo mweupe. Halafu kuna wale wa kijivu wanaocheza ngoma kwenye kilima cha Kullaberg, sura ya tano: hao ni ndugu wa korongo taji. Ukiwaita wote korongo, sura ya tano itawachanganya watoto na sura ya nne. Waite wa pili makorongo wa ngoma, kisha waulize watoto wa Mbarali kama wamewahi kuona korongo taji wakirukaruka mashambani wakiwa wamefungua mbawa. Waliowaona hawatahitaji maelezo zaidi.

Mnyama mkubwa wa misitu ya kaskazini mwenye pembe pana kama koleo hana jina letu. Yumo katika jamii ya ayala, yule wa Zaburi ya 42, basi sema ayala mkubwa na uchore ubaoni. Fisi maji, kindi, tai, kunguru na dubu hawana shida. Bundi ana shida ya aina nyingine. Flammea, bundi wa kanisa kuu la Lund, ni msaidizi mwema, ilhali katika nyumba nyingi za huku bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Usiliruke jambo hilo. Liulize wazi kabla ya kusoma, darasa litachangamka lenyewe. Mzazi anayesikia kuna kijimtu na mabadiliko ya umbo anaweza kudhani shule inafundisha uchawi. Mwonyeshe sura ya kwanza, mtoto anayeadhibiwa kwa kutesa wanyama, na mkumbushe kuwa Sungura na Fisi nao huongea.

Mtego mwingine ni majina ya mahali katika Howard. Aliandika Westbottom kwa Västerbotten, Vermland kwa Värmland, na msichana Åsa akawa Osa. Mwanafunzi akiandika Westbottom kwenye ramani ya simu hapati kitu, na atahitimisha kuwa kitabu ni cha kubuni hadi mahali. Andaa karatasi moja yenye majina kumi na tano ya Howard upande huu na ya ramani upande ule, ibandike nyuma ya kila kijitabu.

Majira ya mwaka nayo yanahitaji dakika kumi. Machi yao ni mwisho wa baridi, ardhi inaanza kuonekana. Machi yetu mvua bado inanyesha na mahindi yamesimama. Anayetaka kueleza barafu asianze na friji. Watoto wa Makete na Njombe wanaiona juu ya majani asubuhi za Juni na Julai, na wanajua inavyounguza viazi. Waambie Uswidi hali hiyo hukaa miezi, mchana na usiku. Kisha waeleze kwamba bata bukini wa Akka hawafiki kwetu, lakini mbayuwayu na korongo weupe wa Ulaya hufika, na huondoka Machi na Aprili kurudi kaskazini. Mwezi uleule Nils anapopaa Skåne, ndege walio juu ya nyaya za umeme za Mbeya wanajiandaa kwa safari hiyohiyo. Ndiyo maana muhula wa kwanza ni wakati mzuri wa kuanza kitabu, tarehe za sura zikienda sambamba na kalenda ya ukutani.

Sura ya kwanza ina vijisehemu vitatu na cha tatu ndicho cha thamani. Nils anaangalia chini akaona kitambaa kikubwa cha mirabaraba. Polepole anatambua: vipande vya kijani kibichi ni mashamba ya rai, nafaka ya nchi za baridi, yaliyopandwa tangu kabla ya baridi, vya kijivu chenye umanjano ni mabua ya shayiri ya farasi iliyovunwa, vya kahawia ni malisho ya zamani, vyeusi ni ardhi iliyolimwa. Hapo Lagerlöf amefundisha kusoma ramani ya matumizi ya ardhi bila kutamka neno ramani. Zoezi lake ni la bure: kila kikundi kichore karatasi ya A4 yenye miraba ya sentimeta 3, kijaze rangi ya wilaya moja kama inavyoonekana kutoka juu. Mufindi ni chai iliyosawazishwa kama zulia, pembeni yake misonobari ya Sao Hill kwa mistari iliyonyooka. Mbarali ni majaruba ya mpunga. Makete ni viazi na vilima vitupu vya majani. Kosa la kawaida ni watoto kuchora milima kutoka ubavuni, pembetatu juu ya mraba. Waache wafanye, kisha uwaulize bata angeionaje Rungwe akiwa juu yake. Wengi wataifuta na kuchora duara.

Sura ya saba, ya ngazi yenye vipandio vitatu, ni fupi na inakaa huku kuliko sura nyingine yoyote. Inaeleza mkoa wa Blekinge kama ngazi inayoshuka kutoka nyanda za Småland hadi baharini: juu ardhi ni baridi na ya mawe, katikati kuna nafuu, chini kuna miti mikubwa na bandari. Soma hiyo, funga kijitabu, na uwapeleke watoto kwa maneno kutoka Isongole hadi Kyela. Kipandio cha juu ni baridi, viazi na pareto. Cha kati ni Tukuyu, migomba na chai, mvua isiyojua kupumzika. Cha chini ni Kyela kando ya Ziwa Nyasa, mpunga na kakao, joto la kuvua sweta. Ziwa lipo kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na Isongole iko juu ya mita 2,000, kwa hiyo watoto wanaweza kuchora ngazi yao kwa kipimo: sentimeta 1 kwa mita 200. Walimu wa Iringa wana Kitonga, ambayo ni kipandio kimoja lakini kirefu, na kila mtoto aliyewahi kupanda basi kutoka Morogoro anakikumbuka tumboni.

Glimminge (sura ya 4) na Karlskrona (sura ya 9) ni za kusisimua tu, na hilo halina ubaya. Watoto wanahitaji panya waliovamia kasri na mfalme wa shaba anayemkimbiza mtu usiku ili wavumilie zilizobaki. Miji Miwili, sura ya 14, inasomeka kwa kipindi kimoja na ina mji uliozama unaoibuka saa moja tu kila miaka mia. Isomwe bila kukatizwa na maswali.

Ya 19 ndiyo sababu kubwa ya kukinunua. Ni habari ya Tåkern, ziwa la maji mafupi lenye matete na ndege wengi, na bata wa porini Jarro aliyejeruhiwa kwa risasi, akauguzwa katika nyumba ya mkulima, kisha akagundua kuwa wanamtumia kama chambo cha kuwavuta wenzake. Wakati huohuo wakulima wanapanga kulikausha ziwa wapate mashamba. Lagerlöf hakulibuni hilo kutoka hewani, kwani Tåkern halisi lilikwisha kupunguzwa maji katika miaka ya 1840. Uzuri wa sura ni kwamba mkulima si mwovu. Ana hesabu zake, ekari zake, watoto wa kulisha. Soma sura hii Usangu, ambako bonde la Ihefu ndilo linalolisha Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima na ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka sehemu za chini wakati wa kiangazi. Mpunga wa Mbarali unahitaji maji, ng'ombe wanahitaji maji, viboko wa Hifadhi ya Ruaha wanahitaji maji, na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yako mbele kwenye mto uleule. Kila kikundi kipewe nafasi moja ya kuitetea. Usiruhusu kikundi chochote kipewe jukumu la "mharibifu", kwa sababu kitabu chenyewe hakikumpa mtu jukumu hilo.

Ya 17, ya mama mzee, inataka tahadhari. Nils anafika kwenye boma lililochakaa, ng'ombe mzee anamwambia mwenye nyumba amekufa peke yake ndani. Watoto wake wote walihamia Marekani. Kuna maiti, kuna usiku, na kuna mtoto anayekaa nayo kwa heshima. Katika vijiji ambako wazee wanabaki na wajukuu huku vijana wako Dar es Salaam, sura hii inaingia ndani sana. Isisomwe na darasa lenye mtoto aliyefiwa karibuni.

Juzuu la pili, basi, kwa kuchagua. Karr na Grayskin, sura ya kwanza, ni mbwa na ayala mkubwa katika msitu unaoliwa na viwavi hadi miti inasimama mitupu. Kwa wilaya inayoishi kwa mbao kama Mufindi, hapo kuna somo zima la kwa nini msitu wa aina moja ya mti ni chakula kilichopangwa mezani kwa mdudu mmoja. Sura ya Åsa na mdogo wake Mats ni ngumu na njema: ndugu zao wanakufa mmoja baada ya mwingine baada ya familia kumpokea mgonjwa, watu wanadhani ni laana, baba anakimbia, kisha mtoto anasikiliza mhadhara na kuelewa kuwa ulikuwa kifua kikuu. Imeandikwa karne iliyopita na bado unaweza kuisoma siku ya elimu ya afya bila kubadilisha neno. Mwandishi mwenyewe anajitokeza katika sura ya Värmland, pale Mårbacka, nyumba ya utoto wake iliyouzwa na ambayo aliinunua tena mwaka 1907.

Zilizobaki za kati, Gästrikland, Medelpad, Ångermanland, ni za kupitia haraka. Migodi na mbao zinaorodheshwa, Nils anageuka abiria, na tai Gorgo anabeba hadithi kuliko anavyombeba mtoto. Wasami, wenyeji wa asili wa Lapland, nao wanaonwa kwa jicho la mgeni wa 1907. Mwalimu aseme hivyo waziwazi, na atumie jina Wasami badala ya lile la kwenye tafsiri.

Kuhusu kasi: ukisoma na kusimulia kwa Kiswahili, kipindi cha dakika 40 kinamaliza kurasa saba au nane za A5, pamoja na maswali. Sura ya kwanza pekee itakula vipindi vitatu au vinne. Anayejaribu kuimaliza kwa siku moja hufika kwenye kitambaa cha mirabaraba watoto wakiwa wamechoka, na hiyo ndiyo sehemu aliyokuwa anaifuata.

Vijitabu vya sura tatu za mwisho visikabidhiwe vikundi mapema. Tomte ameweka sharti la kumrudishia Nils umbo lake, sharti hilo lina mtego unaomhusu Mårten, na Nils anaujua muda mrefu kabla ya kufika nyumbani. Mtoto mmoja akichungulia ukurasa wa mwisho wakati wa mapumziko, darasa zima litakuwa limejua kabla ya kengele. Vikae kwenye droo ya ofisi ya walimu, na droo ifungwe.